Jina Alilopewa Mwana wa Dali

Kama darasani kwenu yuko Amiri, yuko Badru, yuko Yusufu, na dawati la mbele anakaa Kamaria, basi watu wa hadithi ninayotaka kuwasimulia mnawajua tayari, walau kwa majina. Hadithi yenyewe si ya kwetu. Ni ya Georgia, nchi ndogo ya milima iliyo kati ya Bahari Nyeusi na safu ya Kaukazi. Msije mkaichanganya na jimbo la Georgia kule Marekani, lililopewa jina la mfalme wa Uingereza. Wenyewe nchi yao huiita Sakartvelo. Huko shujaa ni Amirani, ndugu zake wa kulelewa ni Badri na Usupi, na binti wanayemfuata hadi mbinguni ni Kamari.

Wapo Wageorgia hadi leo wanaowaita watoto wao Amirani. Nataka mjue jina hilo limetoka wapi, lakini jina la shujaa halielezeki bila kisa chake, kwa hiyo tutaanza na kisa, tena tutaanza na mama yake.

Hapo nisimame kidogo, maana neno lenyewe lina vituko. Kwa Kigeorgia, baba ndiye mama. Naam, mtoto wa Tbilisi akiita "mama!" anayeitika ni baba. Mama mzazi wanamwita deda. Basi deda wa Amirani, kwa masimulizi mengi, hasa yale ya Wasvani wanaokaa juu kabisa milimani, alikuwa Dali.

Dali hakuwa mtu. Alikuwa bibi wa majabali. Kaskazini mwa Georgia, katika nchi ya Svaneti, wanyama wa thamani ni mbuzi mwitu wa milimani, wakubwa, wenye pembe nene zilizopinda, ambao hupita kwenye miamba ambako binadamu hana pa kuweka hata kidole. Wanyama hao walikuwa mifugo ya Dali. Mwindaji hakupata kitu ila Dali amempa. Alikaa kwenye mapango ya juu, nywele zake ni dhahabu tupu, ndefu, zinazong'aa hata gizani, na nguvu zake zilikuwa ndani ya nywele hizo. Mwindaji mwenye adabu alichukua kiasi, hakuua kwa pupa. Mwindaji aliyependwa na Dali alirudi na mawindo kila siku, lakini penzi hilo lilikuwa na masharti. Alikuwepo mmoja, Betkil, ambaye Wasvani humwimba hadi leo wakicheza ngoma ya duara. Alivunja masharti. Basi siku moja akaona mbuzi mwitu mweupe, akamfuata, akamfuata, njia ikazidi kuwa nyembamba, mara mbuzi hayupo na njia nyuma yake haipo. Akabaki ananing'inia kwenye mwamba hadi alipoanguka.

Sasa mwindaji wetu, ambaye Wasvani wengine humwita Darjelani, alisikia kilio juu ya jabali. Akapanda. Alikata miamba, akapigilia vigingi, akapanda tena, mpaka akafika kwenye pango na kumkuta Dali. Wakapendana. Nyumbani alikuwa na mke, mwanamke aliyekuwa akichechemea, naye hakuwa mjinga. Akaona mumewe halali nyumbani. Akafuata nyayo, akapanda vigingi vilevile kwa mguu wake huo mbovu, akawakuta wamelala. Akachukua mkasi wa Dali mwenyewe akazikata zile nywele za dhahabu, akaondoka nazo.

Dali alipoamka aliona kichwa chepesi. Akajua. Akamwambia mwindaji, "Mimi siwezi kuishi tena. Lakini nina mimba yako, na mtoto hajatimia. Nipasue umtoe. Akiwa wa kike utajua mwenyewe namna ya kumlea. Akiwa wa kiume, mtie miezi mitatu ndani ya tumbo la mtamba na miezi mitatu ndani ya tumbo la fahali, apate joto alilokosa kwangu. Kisha mweke kwenye susu penye njia, kando ya chemchemi. Watapita watakaomwokota." Na alisema jambo moja zaidi: angekaa tumboni hadi siku zake zitimie, angekuja kuwa na nguvu za kushindana na Mungu. Kwa kuwa amezaliwa njiti, nguvu zake zitakuwa na mpaka.

Likumbukeni hilo la mpaka.

Mwindaji akalia, akafanya alivyoagizwa. Mtoto alitoka na jino moja la dhahabu. (Wasimulizi huwatazama watoto wanaowasikiliza wakifika hapa, kuona nani anajigusa meno.) Akalelewa tumboni mwa ng'ombe, akawekwa kwenye susu njiani. Akapita baba wa ubatizo. Ni nani huyo? Wengine husema ni malaika, wengine ni Yesu Kristo mwenyewe akitembea duniani. Akambatiza, akampa jina, Amirani, akampa nguvu, na ndani ya mguu wa kiatu akamwekea kisu kidogo: usikitoe mpaka siku huna namna nyingine. Halafu akaja mzee Iamani kuteka maji, akamchukua mtoto nyumbani akakue pamoja na wanawe wawili, Usupi na Badri.

Badri alikuwa mzuri wa sura kama msichana. Amirani alikuwa mwingine kabisa. Wasimulizi humfananisha na wingu jeusi linalotaka kumwaga, na macho yake, wanasema, yalikuwa mapana kama chekeche. Kila aliposhika kitu kilivunjika. Watoto wenzake hawakupenda kucheza naye, nami siwalaumu.

Ya ujana wake nitayapitia haraka, maana yangekula siku tatu. Walikutana na zimwi lenye vichwa vitatu, Bakbak-devi. Devi ndilo jina la mazimwi ya huko: makubwa, yenye njaa, tena mapumbavu kidogo, ndugu wa damu wa mazimwi ya bibi zetu. Amirani akalipiga chini. Akakata vichwa viwili, na kabla ya cha tatu zimwi likaomba, "Kutakuja kutoka funza watatu kwenye vichwa vyangu. Usiwaue." Amirani akaona funza ni kitu gani? Akawaacha. Wale funza wakakua kufumba na kufumbua wakawa majoka: moja jeupe, moja jekundu, moja jeusi. Ndugu zake wakapambana na yale mawili, na lile jeusi likammeza Amirani mzima mzima.

Badri na Usupi wakakimbia kando ya joka wakipiga kelele, "Kisu, Amirani! Kisu cha mguuni!" Akakikumbuka. Akapasua ubavu akatoka, amenyonyoka nywele zote kwa joto la tumboni. Wapo wasimulizi wanaoongeza kwamba pale palipotobolewa paliwekwa kiwambo cha fito zilizosukwa, na ndiyo maana, siku joka linapolimeza jua na dunia ikawa giza mchana, jua huunguza zile fito likatokea ubavuni. Hivyo ndivyo mababu wa huko walivyoeleza kupatwa kwa jua. Nyinyi mmesoma kivuli cha mwezi, vizuri, lakini kubalini kwamba fito ni wazo la mtu aliyefikiri.

Kisha Kamari. Huyu alikuwa binti wa bwana wa mawingu na mvua, na aliwekwa ndani ya mnara uliofungwa kwa mnyororo kutoka juu, ukining'inia hewani. Amirani akamrukia farasi wake, akaukata mnyororo, mnara ukashuka. Kamari akasema, "Nitakuja nawe, lakini kwanza nisaidie kuosha vyombo na kuvipanga. Siwezi kuondoka na kuacha jiko hivi." Shujaa wa kuua majoka akapewa bakuli na kitambaa. Chombo kimoja kikagoma kukaa mahali pake, Amirani akakasirika akakikanyaga, na papo hapo vyombo vyote vikaanza kugongana kwa kelele, vikamkimbilia baba yake Kamari kumpa habari. Mimi huwa nasema jeshi lile la mbinguni lilikuja kwa sababu ya mwanamume mmoja asiyejua kupanga vyombo.

Vita ikawa kubwa. Usupi na Badri wakauawa. Baba yake Kamari alivaa kichwani jiwe zito mno, na upanga haukupenya. Kamari ndiye aliyepaza sauti kumwambia Amirani apige kwa chini, shingoni, na Amirani akashinda. Lakini alipowaona ndugu zake wamelala, hakutaka kuishi, akajiua. Kamari akabaki na maiti tatu. Akaja panya mdogo kulamba damu. Kamari akampiga akafa. Akaja mama wa yule panya, akatazama, akaenda porini akarudi na jani, akamsugua mwanawe nalo, mwanawe akaamka. Kamari hakungoja kuambiwa. Akalichukua jani akamsugua Amirani, akawasugua Badri na Usupi, wote watatu wakaamka.

Hadi hapo mngeweza kulala kwa amani. Ila Amirani hakuwa mtu wa kukaa na amani.

Siku moja alikutana na gari lililokuwa likivutwa na jozi nyingi za maksai, na juu yake maiti ya jitu aitwaye Ambri. Mguu mmoja ulikuwa umening'inia chini ukichimba mfereji barabarani. Mama yake Ambri akamwomba yeyote aunyanyue. Amirani akainama, akavuta, akashindwa. Mguu wa maiti! Akamwendea baba yake wa ubatizo: "Baba, niongeze nguvu." Akaongezwa. Akamaliza maadui waliokuwapo, akarudi kuomba tena. Akaongezwa. Na ilipofika siku duniani hakuna zimwi wala joka wala jitu lililobaki la kushindana naye, akamwambia yule aliyempa jina na nguvu, "Sasa tushindane mimi na wewe."

Baba yule hakukasirika. Akachukua fimbo yake akaichoma ardhini. "Ing'oe." Amirani akaing'oa. Akaichoma tena. Akaing'oa. Mara ya tatu akaichoma na kuiombea itoe mizizi, na mizizi ikateremka ikaukumbatia ulimwengu wote kwa chini. Amirani akavuta mpaka mishipa ikasimama. Haikutikisika. Ule mpaka alioutaja Dali siku ya kifo chake ukawa umefikiwa. Fimbo ikageuka nguzo ya chuma, Amirani akafungwa hapo kwa mnyororo, na mlima ukashushwa juu yake kama kifuniko.

Wengi huko wakiulizwa ni mlima gani, hunyosha kidole kuelekea Mkinvartsveri, ambao ramani nyingi huuita Kazbek. Unapita mita 5,000, umepungua kidogo tu kuufikia Mlima Kenya, nao hauvui theluji mwaka mzima. Chini yake upo mji wa Stepantsminda, na juu ya mji, kwenye kilima, kanisa la Utatu la Gergeti la karne ya 14.

Ndani ya mlima Amirani yuko na mbwa wake, Kursha, maana yake sikio jeusi. Mbwa huyu si wa kawaida. Inasemekana alitotolewa na tai, akiwa na mabawa, na tai mwenyewe akaona aibu akamtupa kutoka kiotani. Kursha hulamba mnyororo wa bwana wake. Mwaka mzima analamba, chuma kinazidi kuwa chembamba, kinabaki unene wa uzi. Ndipo inafika Alhamisi Kuu, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, na wahunzi wa Georgia wanaamka alfajiri wanapiga nyundo juu ya fuawe. Mnyororo unarudi unene wake wote. Hii haikuwa hadithi ya kusimuliwa tu: wahunzi kweli walifanya hivyo kila mwaka, maana iliaminika Amirani akifunguka atawaanza wao.

Lakini kinachonikaa mimi zaidi ni habari ya yule ndege. Amirani huitikisa nguzo siku baada ya siku mpaka inalegea, imebaki mvuto mmoja. Hapo huja ndege mdogo, wale wanaotikisatikisa mkia, akatua juu ya nguzo. Amirani akimwona anaona kama anachekwa. Anachukua nyundo ampige. Ndege anaruka, nyundo inapiga nguzo, nguzo inazama upya mpaka chini. Kila mara. Hakuna malaika mlinzi, hakuna kufuli. Kinachomfunga ni hasira zake, na ndege asiyefika uzito wa yai.

Mara moja kwa kipindi kirefu mlima hufunguka. Mwindaji mmoja alimkuta, akaombwa alete mnyororo wa kunyanyulia upanga ulioanguka mbali, lakini asiseme neno njiani. Alifika nyumbani, mkewe akamuuliza anautaka wa nini, akamjibu kwa ukali, na mlima ukajifunga. Wasimulizi humlaumu mke. Na kule mwanzo pia walimlaumu mke mwenye mkasi. Nawaomba mhesabu wenyewe ni nani aliyekwenda kwa Dali akiwa na mke nyumbani, na ni nani aliyefungua mdomo alipokatazwa.

Sasa jina.

Kwenye kisa, Amirani anapewa jina kwa ubatizo. Lakini ufalme wa Georgia uliingia Ukristo mwanzoni mwa karne ya 4, na mengi humu yananuka moshi wa kale zaidi: bibi wa majabali, joka linalomeza jua, mhunzi na chuma chake. Wageni wa imani mpya hawakuifuta hadithi. Walimleta baba wa ubatizo, akasimama kando ya susu, hadithi ikaendelea. Na kama baba wa ubatizo aliingia baadaye, huenda jina alilolitoa nalo liliingia baadaye.

Tazameni majina ya wenzake. Usupi ni Yusufu, hilo halina ubishi. Badri ni badr ya Kiarabu, mwezi mpevu wa siku ya kumi na nne, ndiye Badru wetu wa Unguja na Mombasa. Kamari ni qamar, mwezi, na Kamaria wetu amechota kisima hichohicho. Majina haya yaliwafikiaje watu wa milimani? Waarabu waliingia Georgia karne ya 7, na baadaye mji wa Tbilisi ukawa makao ya amiri kwa miaka mingi, hadi mfalme Davit wa Nne, ambaye wao humwita Mjenzi, alipouchukua mwaka 1122. Waajemi nao walikuwa majirani wa karibu, na lugha yao ndiyo iliyobeba majina mengi ya Kiarabu hadi Kaukazi. Kwa hiyo wataalamu wengi humwona ndani ya Amirani yule amiri, kamanda, anayetoa amri. Ndiye yuleyule aliyesafiri kwa majahazi hadi pwani yetu, na leo rais wa nchi akiwa juu ya majeshi tunamwita Amiri Jeshi Mkuu. Kwa Kiajemi ukiongeza "an" mwishoni unapata wingi: amiran, maamiri.

Wapo wasioridhika. Wao husema shujaa wa kale namna hii hakukaa bila jina akiwasubiri Waarabu, kwamba chini ya Amirani lipo jina la zamani lililofanana naye kwa sauti, likavutwa kuelekea neno lililokuwa likisikika kila siku. Wasvani kwa lugha yao humwita Amirmi, na hao wasioridhika hulishika hilo kama ushahidi. Wengine wamefika hadi kwa Ahriman, roho mbaya wa dini ya kale ya Waajemi. Hilo la mwisho mimi halinikai moyoni, maana ni mzazi gani atakayembeba mwanawe mchanga na kumwita kwa jina la ibilisi? Hilo la jina la zamani nalikubali kwa nusu. Naona hadithi ni ya zamani sana na jina ni la wakati wake, na watu hawakuona tatizo.

Kilichokuza jina zaidi ni kitabu. Katika karne ya 12 Georgia ilikuwa na nguvu na utajiri, na mwandishi Mose Khoneli anatajwa kuwa ndiye aliyeandika Amiran-Darejaniani, visa vya mashujaa kwa lugha ya nathari. Humo anayeanza ni Abesalom, mfalme wa India, anayetaka kujua habari za shujaa Amiran, na wasifu huo unasimuliwa na mwenzake Amiran wa zamani. Yapo mazimwi na majoka, ila yule Amiran ni askari wa heshima, hafungwi mlimani. Shota Rustaveli, mshairi mkuu wa taifa lile, alimtaja Amiran pamoja na Mose Khoneli mwishoni mwa utenzi wake. Je, wanakijiji walichukua kutoka kitabuni, au mwandishi alichukua kutoka vijijini? Wamebishana sana juu ya hilo. Mwaka 1947 Mikheil Chikovani alichapisha utafiti wake juu ya Amirani aliyefungwa, pamoja na makumi ya masimulizi yaliyokusanywa kutoka midomoni mwa watu wa mikoa mbalimbali. Ukiyasoma unaona kitu ambacho hakimo kwa Khoneli hata kidogo: Dali, mkasi, mtamba na fahali, mbwa wa tai. Bibi wa mlimani asiyejua kusoma hakuhitaji kitabu.

Wagiriki nao walikuwa na mtu wao aliyefungwa kwenye Kaukazi, Prometheus, aliyeiba moto. Mshairi Apollonius, karne ya 3 kabla ya Kristo, alisimulia habari za mabaharia waliokaribia pwani ya Georgia ya leo wakimsikia Prometheus akilia juu milimani. Waabkhazi, majirani wa pwani hiyo, wana Abrskil wao aliyefungwa pangoni. Nani alimwiga nani, hilo nawaachia mtakaolisomea chuo kikuu. Mimi natambua tofauti moja: Prometheus alifungwa kwa kuwapa watu kitu, Amirani kwa kutaka kushinda tu.

Hata hivyo watu walimpenda. Urusi ilianza kuimeza Georgia mwaka 1801, na katika karne hiyo ya 19 mshairi Akaki Tsereteli akamfanya Amirani kuwa taifa lenyewe, limefungwa lakini halijafa. Tangu hapo hakuwa tena wa kuogopwa na wahunzi. Georgia ilitangaza uhuru wake tarehe 9 Aprili 1991, na jina lilikuwa limeshazoeleka kwenye vyeti vya kuzaliwa.

Wanamichezo wake ndio wanaonichekesha. Amiran Totikashvili, mwanajudo wa Georgia, alipata medali ya shaba Seoul mwaka 1988 akiwa upande wa Umoja wa Kisovieti, kwenye uzani wa kilo 60. Amiran Kardanov, aliyezaliwa Ossetia Kaskazini, ng'ambo ya milima ileile, alipata shaba ya mieleka Sydney mwaka 2000 akiwa upande wa Ugiriki, kwenye uzani wa kilo 54. Jina la jitu lenye macho ya chekeche, na wenye jina wote ni wanaume wepesi ambao jitu Ambri asingewahisi wamemkalia begani. Dali naye ana wasichana wake, maana ni jina la kike la kawaida huko.

Wanaastronomia nao wamelichukua. Mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, uitwao Io, umejaa volkano, na majina yake hutolewa kwa miungu na mashujaa wa moto, wa radi na wa jua. Moja inaitwa Amirani, na mto wake wa lava una urefu unaozidi kilomita 300. Kwenye Zuhura, ambako mabonde hupewa majina ya miungu wa kike wa uwindaji na wa mwezi, kuna bonde refu lenye kuta kali, zaidi ya kilomita 2,000, linaloitwa Dali. Walimtafutia mama majabali huko pia.

Siku mkikutana na mwenye jina hili, mjue kumwita. Ile i ya mwisho ni ya sarufi yao. Kigeorgia huiongeza kwenye jina linaloishia na konsonanti linapotajwa kwenye sentensi, nasi tunawaelewa vizuri, sisi tuliochukua benki na hoteli kwa mtindo huo. Lakini unapomwita mtu ageuke, i inaanguka: Amiran! Na akiwa na kaka yake anaitwa Giorgi, huyo i yake haiguswi. Giorgi ni Giorgi, umwite au usimwite.